Kiti cha Upande wa Kushoto

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nilicheka mpaka mshereheshaji akadhani presha imenipanda. Miaka thelathini na moja nimekaa mbele ya watu nikiwaambia, "Nichorie saa, weka namba zote, nionyeshe saa nne na dakika kumi," halafu mnanipa saa! Haya, nimeitundika sebuleni kwangu Moshono, inakwenda vizuri, ahsanteni. Mlinipa na daftari, mkaniomba niandike yale ambayo vyuoni hayafundishwi. Vyeo na semina nitaviruka. Aliyevipata anavijua, na aliyevikosa anavijua zaidi.

Sehemu kubwa ya haya ninayoandika inamhusu mzee mmoja wa juu kidogo ya Makumira na mwanawe wa mwisho. Nusura niwatenganishe kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa ushauri sahihi kabisa, ule ule ambao hata ninyi mnautoa kila wiki. Majina nimeyabadilisha. Lakini siwezi kuwarukia wao moja kwa moja, maana hamtaelewa nilivyofika pale nikiwa najiona mjuzi.

Nilipoanza kazi, hapa mjini hakuna aliyejua mtaalamu wa tiba kwa vitendo, anayemrudisha mgonjwa kwenye kula na kuvaa mwenyewe, ni mtu gani. Katibu wa hospitali alisoma barua yangu mara mbili, akaniuliza kama nitafundisha wagonjwa kufuma vitambaa. Akanipa chumba kilichokuwa stoo ya mafagio. Mimi ni mtoto wa Ngarenaro, nimezaliwa na kukulia mitaa ile ya zamani, baba yangu alikuja kutoka Pangani kufanya biashara, kwa hiyo sikuwa mgeni wa mji. Nilikuwa mgeni wa kazi. Ningeshindwa mapema sana kama nisingemkuta Mama Felista.

Mama Felista alikuwa Mchaga wa Kibosho, muuguzi aliyekuwa akiifanya kazi yetu bila cheo chake, mnene, mpole, na alikuwa anakaribia kustaafu. Wenzake walibeba mikoba, yeye alibeba kikapu. Ndani yake mlikuwa na ungo mdogo, maharage, kitana, kioo, kikombe cha bati, shati lenye vifungo na kipande cha sabuni. Karatasi za vipimo alizilaza chini kabisa, chini ya sabuni, ndiyo maana mafaili yetu yote yalinukia. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini, akaniambia, "Vua bangili."

"Kwani kuna sheria, mama?"

"Ukisogeza mkono zinalia. Mgonjwa anageuka kwa kelele, wewe unaandika kwamba ameona. Vua."

Nikavua. Tangu siku ile sikuvaa bangili kazini, na ninyi mnaovaa yale masaa yanayolialia kila ujumbe ukiingia, mnanielewa ninakoelekea.

Yeye ndiye aliyenifundisha ugonjwa huu ambao ndugu wa mgonjwa hawauoni kwa sababu hautoki damu. Mtu akipata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, mkono na mguu wa kushoto hulegea. Hilo kila mtu analiona. Kisichoonekana ni kwamba wengine hupoteza upande wa kushoto wa dunia nzima. Macho ni mazima, ubongo tu ndio haupokei habari za kule. Mwalimu mmoja alikuja amenyoa ndevu shavu la kulia, la kushoto zimesimama kama alivyoziacha, na alikuwa ameridhika kabisa. Nilipompa kioo akasema, "Safi."

Msichanganye na yule ambaye macho yenyewe yamekatika upande. Huyo atagonga mlango leo, kesho atageuza kichwa, maana anajua kuna mahali haoni. Aliyepotewa na upande atagonga mlango kila siku, na kila siku atauliza nani ameuweka pale. Na kabla hamjaandika chochote kuhusu ubongo wa mtu, ulizeni miwani iko wapi. Niliwahi kupima bibi wa watu nusu saa nzima, nikaandika ukurasa wenye maneno makubwa makubwa, binti yake akaingia na kusema, "Mama, umesahau miwani kwenye gari." Ukurasa ule niliuchana mwenyewe.

Kosa langu kubwa la mwanzo nalitaja kwa aibu, kwa sababu nilifanya kwa watu wa kwetu. Mzee Shabani alikuwa fundi cherehani pale Sokon I, anashona kanzu. Nilikwenda nyumbani kwake kuona anavyoendelea baada ya kiharusi. Wakanikaribisha chakula, tukakaa wanawake huku, yeye na wanawe kule, sinia la pilau katikati yao. Nikawa namchungulia. Anakula kwa mkono wa kulia, taratibu, upande wake unaisha vizuri. Nikaandika kwamba anakula bila tatizo. Baada ya siku nne akaletwa ameungua mkono wa kushoto. Aliuweka juu ya jiko la mkaa, hakujua uko pale, na hakujua jiko liko pale.

Nilirudi ofisini nikalia. Mama Felista aliniacha nilie, kisha akaniuliza, "Kwenye sinia mtu anakula wapi?"

"Mbele yake."

"Na mkono wa kushoto anautumia?"

"Hautumii."

"Sasa ulikuwa unapima nini?"

Adabu ya sinia ilikuwa imemficha mzee wangu, na mimi niliyelelewa kwenye sinia ndiye niliyepaswa kulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Toka hapo kila mgonjwa wangu lazima nimwone anakula kwenye sahani yake peke yake. Mama Felista alistaafu mwaka uliofuata, akaniachia kikapu.

Miaka mingi ikapita, nikawa mimi ndiye mama mnene wa idara. Ndipo akaletwa Mzee Anaeli.

Alikuwa na umri wa miaka sabini na nne, Mmeru, mkulima wa kahawa na migomba, mzee wa kanisa la Kilutheri pale kwao. Alikuja kwenye kiti cha magurudumu, amevaa koti na tai, na kofia ameishika mapajani. Aliyekuwa akimsukuma ni Gadieli, mwanawe wa kwanza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Usa River. Mkewe, Mama Gadi, alikuja na chupa ya chai. Mlangoni alisimama kijana wa miaka thelathini na kitu, mikono mifukoni, haingii wala haondoki. Huyo alikuwa Elirehema, kitinda mimba. Yeye ndiye aliyekuwa anaishi na wazazi, na kwa desturi ya kwao nyumba ya baba ingebaki mikononi mwake.

Nilimpima mzee vizuri, hilo najitetea nalo. Miwani alikuwa nayo. Karatasi ya nyota, ile ya kukata nyota ndogo na kuacha kubwa, alikata zote za kulia, kushoto hakugusa hata moja. Nikamwambia agawanye mstari katikati, akaugawanya karibu na mwisho. Saa yake ilikuwa na namba zote kumi na mbili, zote zimebanana upande mmoja. Nikamnyooshea sahani ya ndizi, akala nusu akafuta mdomo, akamshukuru mkewe. Kuhusu akili, alikuwa timamu kuliko mimi. Aliniuliza ukoo wangu, akanisahihisha jina la mchungaji mmoja.

Niliwaita ndugu pembeni nikawaeleza. Mzee haoni kushoto ingawa macho ni mazima. Sahani mzungushieni. Jiko na chai ya moto visikae upande ule. Mama Gadi akaitikia kila neno. Elirehema ndipo akaja kutoka mlangoni, akaniamkia, akauliza, "Na mimi nifanye nini, mama?"

"Wewe ndiye unayekaa naye nyumbani?"

"Ndiyo mimi."

"Basi wewe kaa kushoto kwake. Ukimsalimia, msalimie ukiwa huko. Ukizungumza, zungumza ukiwa huko, mpaka azoee kugeuka."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaandika kwenye simu yake. Nje kulikuwa na watu kumi na mmoja kwenye benchi wananisubiri, nami nilikuwa nimeshaita jina linalofuata kabla hajamaliza kuandika. Ushauri huo umo kwenye vitabu vyote. Sikueleza zaidi ya hapo.

Zikaja mvua, barabara ya kwao ikawa tope, miadi miwili wakaikosa. Wiki ya saba, siku ya Jumanne, Mama Gadi akanipigia simu.

"Daktari, njoo nyumbani. Mzee amemkataa mtoto."

Mimi si daktari, ila nimechoka kulisema hilo. Nikamwambia, "Mama, hilo si ni la mchungaji?"

"Mchungaji ameshakuja mara mbili. Elirehema anaondoka Ijumaa, amepata kazi Geita, na anasema harudi. Akiondoka hivi, mama, ndiyo basi tena. Mzee hatafika Krismasi."

Jumatano nikachukua pikipiki kutoka barabara kuu. Mama Gadi alinipokea nje kwenye migomba, akanieleza mambo ambayo hospitalini walikuwa wameyaficha. Siku mbili kabla ya kiharusi, Elirehema alikuwa amekata safu nne za kahawa ya zamani ili apande parachichi. Hakuomba ruhusa. Mzee alipoona visiki alifoka, akasema maneno makali mbele ya majirani, kijana naye akajibu. Asubuhi ya siku ya tatu mzee akaanguka. Kila mtu alilifikiria lile lile, ingawa hakuna aliyelitamka, na Elirehema alilifikiria kuliko wote.

"Tangu tumetoka hospitali," Mama Gadi akasema, "mtoto anamwamkia asubuhi, mchana, jioni. Hajaitikiwa hata mara moja. Wengine wote tunaitikiwa."

Mnajua nyumbani kwetu hapa shikamoo ni kitu gani. Mtu anaweza kukukatalia shamba na bado akakuitikia. Baba kutomwitikia mwanawe siku moja ni hasira. Wiki sita ni hukumu.

Gadieli alikuwa amekuja pia, akatukuta pale nje. "Mimi naona tusimsingizie ugonjwa," akasema. "Mzee ana akili zake. Anauliza bei ya kahawa, anakumbuka mpaka nani aliazima shoka. Anajua anachofanya. Na mbaya zaidi, dogo akimwamkia, yeye ananiitikia mimi. Mimi sijasema kitu! Ananigeukia, 'Marahaba, Gadi.' Ni kama anamwambia mwenzangu, wewe humu ndani haupo."

Nilianza kuhisi, lakini kuhisi si kupima. Nikawaambia twende ndani, na kila mtu akae anapokaa siku zote.

Mzee Anaeli alikuwa kwenye kochi lake karibu na dirisha. Kulia kwake kulikuwa na kiti cha Gadieli, kisha cha Mama Gadi, kisha viti vya wageni mpaka mlangoni. Kushoto kwake kulikuwa na nafasi ndogo kati ya kochi na ukuta, na hapo palikuwa na kiti kimoja cha plastiki. Elirehema akaenda kukaa hapo. Walikuwa wakizungumza Kimeru, wakahamia Kiswahili kwa ajili yangu. Niliingia kwa upande wa kulia, nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo umekumbuka huku kwetu porini?"

Tukacheka. Elirehema akajikohoza, akasema kwa sauti nzuri tu, "Shikamoo, baba."

Mzee akageuka kulia. "Marahaba, Gadi. Umeshakula?"

Gadieli akanitazama, kana kwamba ananiambia, si nilikwambia. Elirehema alikuwa anaangalia sakafu. Alikuwa amefunga begi lake tayari, liko pale nyuma ya mlango, jeusi, na juu yake sweta.

Nikajizuia nisiseme neno. Hilo ni la Mama Felista, mpe mgonjwa kazi anayoijua kisha unyamaze. Nikaomba ungo, wakaleta. Nikaomba punje za kahawa, nikazimwaga zikatapakaa ungo mzima, mbovu na nzima, nikamwekea mapajani. "Mzee, nisaidie kuchambua."

Eeh, hapo ndipo mtamjua mkulima! Mkono wa kulia ulikwenda haraka, mbovu zinatupwa huku, jicho halikosei. Alichambua nusu ya ungo ikawa safi kabisa. Nusu ya kushoto haikuguswa. Akaegemea.

"Umemaliza, mzee?"

"Nimemaliza. Kahawa ya nani hii mbaya?"

Mama Gadi akaziba mdomo kwa kanga. Hilo la sahani walikuwa wamelizoea, hili la kahawa hawakuwahi kuliona.

Nikanyanyuka polepole, nikapita nyuma ya kochi, nikasimama kushoto, bega kwa bega na kijana. Nikasema tena, "Shikamoo, mzee." Sauti ile ile aliyoitambua dakika kumi zilizopita.

Mzee Anaeli akageuka kulia kwa mkewe, ametabasamu. "We mama Gadi, tangu lini unaniamkia mchana kweupe? Unataka nini?"

Gadieli aliangua kicheko. Mama Gadi naye akacheka, kisha akanyamaza ghafla, akanitazama mimi, akamtazama mwanawe aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki. Elirehema peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa.

Vitabu vinalisema hili, kwa mistari miwili, chini ya ukurasa. Si macho tu. Sauti inayotoka upande uliopotea mtu anaweza kuisikia, lakini akampa aliye upande mwingine. Niliisoma nikiwa chuoni, nikaijibu kwenye mtihani, nikapata alama. Siku ya watu kumi na mmoja kwenye benchi sikuisema.

Nikarudi kukaa kulia. Nikamuuliza, "Mzee, hebu nihesabie waliomo humu ndani."

"Kwani hujui kuhesabu?"

"Nimesahau miwani."

Akacheka. Akaanza. "Wewe. Mama Gadi. Gadieli. Na mimi."

"Basi?"

"Basi."

Elirehema alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwenye mkono wake. Angenyoosha mkono angemgusa goti.

"Na kitinda mimba wako, yeye yuko wapi?"

Uso wa mzee ulibadilika. Alikunjakunja kofia mkononi. "Huyo alikwenda zake," akasema. "Tuligombana. Mimi nilisema vibaya, ni kweli nilisema vibaya. Lakini mtu anaugua, analala hospitali, anarudi, mtoto wake haji hata kumjulia hali? Namuuliza mama yake, ananiambia yupo. Yupo wapi? Tangu nianguke sijamwona. Sauti yake sijaisikia." Akatikisa kichwa. "Nimeshamsamehe hizo kahawa. Yeye ndiye hajanisamehe."

Mama Gadi alilia bila sauti; swali lile siku zote alilichukua kuwa kejeli. Elirehema alikuwa ameshika kiti cha plastiki kwa mikono yote miwili. Nilimwashiria kwa kidole, inuka, zunguka nyuma. Akainuka. Alizunguka nyuma ya kochi akiwa amemwekea baba yake mkono begani, kutoka bega la kushoto mpaka la kulia, hakuuondoa. Gadieli akamwachia kiti, kile cha mtoto wa kwanza, ambacho nadhani hakuna aliyewahi kukikalia zaidi yake. Lakini kijana hakukaa. Alipiga goti.

"Shikamoo, baba."

Mzee akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, akainua mkono wake mzima akamgusa kichwani.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Kisha akauliza, "Umerudi lini?"

Nilifungua mdomo kueleza. Elirehema akaniwahi.

"Leo, baba," akasema. "Nimerudi leo."

Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye migomba. Huwa nawaambia msilie mbele ya wagonjwa, na mimi sikulia mbele yao.

Waliponifuata nje niliomba radhi. Si kwa kumung'unya maneno. Nilimwambia Elirehema kwamba kiti kile nilimkalisha mimi, na nilipaswa kumweleza kwamba anaweza kuongea siku nzima asijibiwe, na kwamba asidhani ni moyo uliomkataa. Mama Gadi akanijibu kwa upole ulioniumiza zaidi kuliko kama angenifokea. "Ulituambia macho, daktari. Masikio hukutuambia."

Elirehema akasema, "Siku arobaini na tatu, mama. Nilikuwa nahesabu. Kulia kwake sikuenda hata siku moja, kama ulivyoniambia. Nilifikiri zikifika hamsini atachoka kunikasirikia." Akapangusa uso. "Ila juzi nikasema hapana, mimi ndiye nimechoka."

"Na Geita?"

"Nitampigia yule mwenye kazi simu."

Wiki iliyofuata nilirudi, safari hii tukamwambia mzee ukweli. Hakukubali. "Mimi nisimwone mtoto wangu mwenyewe? Mnanifanya mtoto?" Msibishane na mgonjwa wa hivi, hamtashinda, kwa sababu kwake hakuna kinachokosekana. Nilimpa ungo tena, akachambua nusu, akasema amemaliza. Nikauzungusha ungo bila kuuinua mapajani mwake. Akaziona punje chafu zimejaa.

"Nani ameziweka hizi?"

"Hakuna, mzee. Zilikuwepo."

Akamtazama Gadieli, akamtazama mkewe, wote wakatikisa vichwa. Akaushika ungo, akauzungusha mwenyewe, safi, chafu, safi, chafu. Baadaye akauliza polepole, "Kwa hiyo na yeye alikuwepo?"

"Kila siku, baba Gadi," mkewe akasema. "Kila siku alikuwa hapo anakuamkia."

Mzee akamwambia Elirehema, aliyekuwa amekaa kulia kwake, kwamba hata hivyo zile parachichi ni upuuzi mtupu. "Zing'oe." Kijana akajibu, "Sizing'oi, baba." Nikaona sasa hapa mambo yamekaa sawa.

Kiti tulikipanga upya. Elirehema alianzia kulia, mahali baba anamwona bila shida. Kila siku mbili tatu alikisogeza kwa upana wa kiganja kuelekea kushoto, wakiwa wanaongea, na mkono wake ukiwa umemgusa mzee. Mzee alipompoteza, kijana alirudi nyuma kiganja kimoja, akaanza tena. Hii siyo siri yangu, fanyeni hivyo hivyo. Waambieni ndugu mambo yote mawili, macho na masikio, hata kama benchi limejaa. Semeni polepole. Waulizeni warudie walichosikia. Na mkienda nyumbani kwa mtu, tazameni nani anakaa wapi, na kwa nini.

Nilimwona mara ya mwisho wakati wa kuvuna kahawa. Sitawadanganya kwamba alipona. Karatasi ya nyota bado ilikuwa mbaya, alikata tatu tu upande wa kushoto, nami niliandika tatu. Begi jeusi halikuwa tena nyuma ya mlango. Mzee alikuwa kwenye kochi lake, na kiti cha plastiki kilikuwa kimefika kule kule ukutani, kitupu, kwa sababu Elirehema alikuwa shambani na wavunaji.

Tulipokuwa tunakunywa chai, kijana akaingia kimyakimya, akapita nyuma, akakaa kwenye kiti chake bila kumgusa wala kumsemesha. Alikuwa amechoka. Mzee aliendelea kunihadithia habari za kanisa. Nikaona nimpime kwa njia yangu.

"Mzee, nihesabie waliomo humu ndani."

"Miwani umesahau tena?" Akaanza kama mara ile. "Wewe. Mama Gadi. Mimi." Akasita. Akatafuta kulia kote, mpaka mlangoni, akarudi. Hakugeuza kichwa kwenda kushoto, nilikuwa nakiangalia kichwa chake, hakikugeuka. Alipeleka tu mkono wake mzima, ukavuka kifua, ukapapasa hewani kule ng'ambo mpaka ukakuta goti la mwanawe, ukatulia hapo.

"Na Elirehema," akasema. "Huyu siku hizi nikimkosa, najua yupo."